Gari Lisilokuwa na Milango

Harufu ya petroli ikichanganyika na ya magugu ya ziwa, vidole vyangu vya miguu hujikunja vyenyewe. Juzi tulisimama kununua mafuta Burnsville, huku ughaibuni, kando ya mtu aliyekuwa akivuta mashua yake ikiwa bado inachuruzika maji. Buda, yaani baba yangu, akanitazama miguuni, akacheka. Yeye anajua. Wewe hujui, kwa hivyo sogea usikilize.

Nilikuwa darasa la pili, tunakaa Hopkins. Kazi ya buda ilikuwa kumuuguza Mzee Roy nyumbani kwa mzee huyo, mzungu mwenye goti bovu na gari la vita linaloogelea. Sikudanganyi. Zamani za vita jeshi lilitaka kigari chepesi cha kuvuka mito, mafundi wakachukua jeep, wakaivisha tumbo la mashua na feni ya kusukuma maji. Ikawa nzito mno kwa mashua na nono mno kwa gari. Barabarani ilikwenda kama kiboko aliyevaa viatu vya kuazima. Majini ilizama hadi karibu na ukingo, kila kiwimbi kikichungulia ndani. Milango haikuwa nayo hata mmoja, maana mlango huingiza maji. Unapanda ukingo, unatumbukia. Kutoka ni shauri lako.

Jumapili moja baada ya kanisa Mzee Roy akataka kutupeleka ziwani. Buda aliangalia maji kwa muda, akasema maji ukiyavulia nguo huna budi kuyaoga, kisha akapanda na suti yake yote. Laifujaketi, zile fulana za kuelea, zilikuwa mbili. Moja akavalishwa mzee, kwa kuwa mgonjwa ni mgonjwa; nyingine mimi, ikanifika masikioni.

Sakafuni palikuwa na tundu la kumwagia maji, na kizibo chake. Mzee Roy alikuwa amenionyesha jinsi ya kukikaza, kwa sababu mkono wangu tu ndio uliopata nafasi ya kuzunguka chini ya kiti. Basi tulipofika ukingoni buda akageuka, akaniuliza, "Umefunga?"

Sasa, Kiswahili chetu kina funga moja kwa kila kitu. Mlango hufungwa, goli hufungwa, mwizi hufungwa, na mama akifunga kwa maombi nyumba nzima hukosa chapati. Nikavuta mkanda wa laifujaketi. Ulikuwa umekaza.

"Yeah," nikasema.

Katikati ya ziwa soksi zangu zikalowa. Kizibo kilikuwa kimeshaviringika kusikojulikana, pampu ya kutoa maji ilikohoa mara moja ikafa, na Mzee Roy akageuza pua ya gari kuelekea ufukoni polepole, maana akiongeza kasi maji yangepita juu ya ukingo. Nikitaka kusimama, gari linalala upande. Kuta zilinifika kidevuni. Buda aliingiza mguu chini ya kiti, akakanyaga tundu kwa kisigino cha kiatu chake cha kanisani, akabaki hivyo, amepinda kama kijiko.

"Kaa hapo hapo," akaniambia. "Nichekeshe."

Nikamchekesha. Nilimpa hadithi za kuku, za mwalimu wangu, za pasta anayekohoa kabla ya sadaka. Zingine hazikuwa na mwisho. Alizicheka zote, kwa sauti kubwa kupita kiasi, nami nikaamini nina kipaji. Magurudumu yalipogusa mchanga bado nilikuwa naongea.

Mwaka jana nilimwalika buda kwenye bwawa la kuogelea Eagan. Akasimama maji yakiwa magotini, mkono kwenye chuma cha ngazi. "Mimi sijui kuogelea," akasema, kama mtu anayesema hana chenji.

Nilikaa pale ukingoni nikikumbuka kicheko kile, nikakisikia upya, na hakikuwa kicheko.

Watu husema nina mdomo. Hawajui kazi hii ya kuchekesha nilipewa ziwani, na hakuna aliyeniambia imeisha. Juzi pale Burnsville, buda alipowasha gari, aliniuliza kama anavyoniuliza kila siku: umefunga?

"Mkanda nimefunga, mlango nimefunga," nikamjibu. "Kizibo je, wewe umekiangalia?"

Akacheka. Hiki kilikuwa kicheko.