Mbegu za Pamba Juu ya Reli

Asiyeijua Shinyanga hudhani ni mbuga tupu, tambarare mpaka macho yachoke. Hajakaa kwenye kambi ya gengi, kikosi cha kutunza njia ya reli, alikofanyia kazi baba yangu. Pale reli ilitoka mbugani ikapenya kati ya vilima viwili vya mawe, na mwinuko wake ulikuwa mkali kiasi kwamba dereva alianza kuufikiria tangu stesheni ya nyuma. Nyumba zetu sita za matofali zilikuwa chini ya mwinuko huo. Treni ya abiria ilipanda kwa kulalamika kidogo. Treni ya mizigo, ikiwa imejaa marobota ya pamba na magunia ya mbegu zake, ilipanda kama mtu aliyebeba mgonjwa mgongoni.

Tulikaa juu ya mawe kuitazama. Tangu nikiwa mdogo nilijua kwa mlio peke yake kama itafika. Injini ikihema kwa mpigo uliotulia, itafika. Mipigo ikianza kukimbizana ghafla, ujue magurudumu yanazunguka mahali pamoja, na wanaume wa gengi tayari wanakimbia na madebe ya mchanga.

Injini ilikuwa na mchanga wake, lakini mabomba ya kuumwaga yaliziba mara kwa mara. Kwa hiyo kila nyumba kambini ilikuwa na debe la mchanga uliochekechwa, likikaa karibu na mafiga ili ubaki mkavu. Mvua kubwa haikututisha, kwa kuwa iliosha reli. Tuliogopa manyunyu. Reli ikilowa kidogo tu, huteleza kama kambale.

Mwaka niliomaliza chuo kikuu nilirudi kambini kusubiri barua ya kupangiwa kazi. Nilikuwa msichana mwenye maswali mengi kuliko adabu. Nilimuuliza mama kwa nini jiko letu lihifadhi mchanga wa reli bila hata ahsante. Nilimuuliza katekista maswali yaliyomfanya abadilishe njia akiniona. Nilimuuliza baba, aliyekuwa mnyapara wa gengi, kwa nini anamwamkia kwa heshima kila mkaguzi anayeweza kuwa mtoto wake. Baba aliniita Mayu, yaani mama, kwa sababu nilipewa jina la mama yake. Alinijibu kwamba salamu haimpunguzii mtu kimo.

Mvua za kwanza zilitukuta tukiwa wachache. Mtu mmoja wa gengi alikuwa kitandani na malaria, mwingine alikuwa ameacha kazi akaenda Geita kutafuta dhahabu. Mama alikuwa Kolandoto, akimuuguza dada yake hospitalini. Alasiri moja yenye manyunyu treni ya mizigo ikaanza kupanda, na kabla haijafika katikati nikasikia mipigo ikikimbizana. Baba akaniita kutoka relini nilete mchanga. Jikoni nikakuta debe la kwanza tupu. Alikuwa amelichukua mwenyewe. Nyuma ya mlango palikuwa na debe jingine, limejaa mchanga juu. Nikalibeba.

Baba alimwaga kwenye reli ya kushoto, mimi kwenye reli ya kulia, tukiitangulia injini kwa hatua chache. Nilipofika nusu ya debe, mkono wangu ukatoka na mbegu za pamba zilizochanganyika na mchanga, bado zina manyoya yake. Nilisimama kidogo. Kisha nikajiambia kwamba kinachohitajika ni kitu chenye mikwaruzo, na mbegu zina mikwaruzo. Nikaendelea kumwaga mpaka chini ya debe. Mimi niliyekuwa nikimsumbua kila mtu kwa maswali, sikumuuliza baba aliyekuwa hatua tatu kutoka kwangu.

Injini ilipokanyaga zile mbegu ilipiga kelele ambayo sijaisikia tena. Magurudumu yalizunguka bila kushika chochote, treni nzima ikarudi nyuma kidogo, breki zikaikamata kwa kishindo. Dereva alichungulia dirishani, uso umejaa masizi.

"Mnyapara," akasema, "leo mmeamua kuikaanga treni yangu?"

Ilibidi waikate vipande viwili. Wakapandisha nusu ya kwanza, wakaiacha kwenye njia ya pembeni ya stesheni ya mbele, wakarudi kuchukua nusu ya pili. Njia ilifungwa mpaka jua likazama, na treni ya abiria ilisubiri nyuma kwa saa hizo zote.

Jioni baba alilipindua lile debe, akaona mbegu mbili tatu zilizonasa kwenye pembe, akacheka kwa huzuni. Ndipo nikajua jambo lililoanza nikiwa chuoni. Mabehewa yaliposhtuka kwenye mwinuko, magunia yaliyotoboka yalimwaga mbegu kando ya reli. Wanawake wa kambi walizizoa na kuwalisha ndama. Mkaguzi wa njia alikuwa amekataza, akisema ni mali ya ushirika hata ikiwa imeshachanganyika na kokoto. Basi wakawa wanazificha ndani ya debe la pili na kuzifunika kwa mchanga, mahali ambapo mkaguzi asingepekua. Kila mwanamke kambini alilijua debe la nyuma ya mlango. Mimi tu sikulijua.

Mkaguzi alikuja kesho yake kwa kiberenge, kigari kidogo cha reli. Kiberenge chenyewe kilishindwa kupanda pale pale, na watu wa gengi wakakisukuma huku wakijitahidi wasicheke. Akashuka, akapitisha kidole juu ya reli, akakitazama. Mafuta. Hakumuuliza mtu kitu. Alitoa karatasi kwenye mkoba, akaiandika akiwa ameiweka juu ya goti, akampa baba atie dole gumba.

Baba hakujua kusoma. Akanipa mimi.

Karatasi ilisema kwamba wafugaji watatu wa chini ya kilima, majina yao yakiwa yametajwa, waliipaka reli mafuta kulipiza kisasi cha ng'ombe wao waliogongwa na treni, na kwamba mnyapara aliwaona kwa macho yake. Wote watatu walikuwa jirani zetu. Ni kweli walikuwa wamegongewa ng'ombe, na ni kweli walikuwa wamelalamika. Nilimsomea baba kila neno, na kwa sauti, ili gengi lote lisikie.

"Wewe uliona hivyo?" nikamuuliza.

"Sikuona hivyo."

Mkaguzi akasema, bila kukasirika, kwamba hiyo ni hujuma, na hujuma lazima iwe na mhujumu. Kama si wale watatu, basi ni mtu wa kambini, na mnyapara ndiye wa kwanza kufukuzwa kazi na kutolewa kwenye nyumba. Achague.

Nikamwambia ni mimi. Nilimweleza habari ya debe, mbegu na mchanga. Alinisikiliza kama mtu anayesubiri mvua ipite.

"Binti msomi," akasema, "unamlinda baba yako vizuri. Lakini pamba si mafuta. Pamba ni shati."

Watu wawili wa gengi walitazama chini. Walijua kwamba nikiendelea nitafichua madebe ya nyumba zote. Mmoja alinikonyeza ninyamaze. Nikamtazama baba.

Baba akaingia ndani. Akatoka na mbegu chache zilizobaki kwenye bakuli la ndama. Akaziweka juu ya reli, akachukua nyundo ya kazi, akapiga mara moja. Akazipekecha kwa kidole gumba, kile kile alichotakiwa kukitia kwenye karatasi, akakipeleka mpaka chini ya pua ya mkaguzi.

"Nusa, bwana mkaguzi. Kisha nusa chako."

Mkaguzi alinusa chake kwanza. Akavitazama vidole viwili, cha kwake na cha baba, vyote vikimetameta kwa mafuta yale yale. Kisha akakunja ile karatasi na kuchukua nyingine. Hakuwa mtu mbaya kuliko wengine. Alikuwa amezoea tu kupata jibu kabla ya kuuliza.

Ya pili aliiandika polepole zaidi. Alipomaliza baba alikataa kuigusa mpaka niisome. Ilisema mbegu zilimwagika kutoka kwenye magunia yaliyotoboka, zikahifadhiwa kambini kinyume cha amri, na zikamwagwa relini na mtu asiye mwajiriwa, kwa uzembe wa mnyapara. Nikasema neno uzembe lifutwe, kwa sababu mzembe nilikuwa mimi, na jina langu liandikwe. Mkaguzi akanijibu kwamba mimi si mtumishi wa reli, hivyo siwezi hata kuwa mzembe wake.

Nilitaka kuichana karatasi. Baba akanishika mkono.

"Liache, Mayu. Uzembe nitaubeba, ni wangu. Hujuma si ya mtu yeyote hapa."

Akatia dole. Alama ikatoka na mafuta kidogo pembeni, ikapenya karatasi mpaka upande wa pili.

Mwezi huo huo alishushwa cheo, akawa mtu wa kawaida wa gengi chini ya mnyapara mgeni. Ila nyumba hawakumnyang'anya. Nilimwandikia mkubwa wa reli barua tatu, nikaeleza kilichotokea na nani alikifanya, nikaweka sahihi yangu chini ya kila moja. Hakuna aliyenijibu. Hilo halijanifanya nione aibu kuziandika, na leo ningeandika ya nne.

Wale wafugaji watatu hawakuambiwa chochote. Wiki ile ile treni ilipoteleza, mmoja wao alikuja kambini kumlalamikia baba kuhusu ng'ombe mwingine aliyegongwa, akapandisha sauti, akamwita mtumwa wa reli mbele ya watu wote. Baba alimsikiliza mpaka mwisho, akamwambia alete malalamiko yake kwa maandishi, binti yake atamsaidia kuyaandika.

Nikaenda kuchukua kalamu.