Mkia wa Faili

Siku yangu ya kwanza kazini nilifika cyber, duka la intaneti na kuprint, ikiwa bado imefungwa, nikasimama kando ili watu wasinione. Nilikuwa nimemaliza Form Four juzi tu. Meneja aliponiuliza jina, nilijibu nikiangalia viatu.

"Chebet, sasa nimeandika wewe kazi ama hizo viatu?"

Nilianzia kwenye photocopy, mwezi mzima. Kisha nikapandishwa hadi meza ya email, na hiyo ndiyo nataka kuwaeleza nyinyi mnaokuja nyuma yangu. Wateja walituma kazi kwa email ya cyber tuwaprintie. Kwa hivyo kufungua viambatisho vya watu tusiowajua ndiyo ilikuwa kazi yenyewe. Madam wa zamu alinifundisha kuangalia mkia, yaani herufi zinazofuata nukta ya mwisho kwenye jina la faili. Pdf ni karatasi ya kusoma. Exe ni programu. Ukiibonyeza inaamka na kufanya ilichotumwa. Na hata ikiwa pdf, alisema, muulize kwanza mwenyewe: umetuma nini, kurasa ngapi? Mimi kumuuliza mtu mzima swali kulinitoa jasho.

Ijumaa kwetu ni siku ya eulogy, vile vijitabu vya wasifu wa marehemu, maana watu huzikwa Jumamosi. Ijumaa moja tulikuwa na kijitabu cha marehemu mke wa Mzee Kiptoo wa Kapseret. Tulikipanga siku mbili kwenye kompyuta ile ile ya email, na hakukuwa na nakala kwingine. Yalibaki marekebisho kutoka kwa kijana wake. Email ikaingia: EULOGY FINAL.

"Fungua," Meneja akasema.

"Imeandikwa pdf, halafu mkia ni exe."

"Watu wa mazishi hawangoji, Chebet. Nani atatuma virusi kwa jina la marehemu?"

Hapo ndipo wengi hunaswa. Kitu cha mazishi hatukiulizi maswali.

"Wacha nipigie Mzee."

"Wewe? Hata mandazi unaagiza kwa kidole."

Ni kweli. Lakini nilipiga.

"Pole, Mzee. Mmeshatuma marekebisho?"

"Bado, mama. Kijana anaandika majina ya wajukuu. Ni wengi."

Nikaifuta ile email. Ya kweli ilifika baada ya saa moja, pdf, na wajukuu wote wakaingia kitabuni. Jumatatu tukasikia cyber moja ng'ambo ya barabara walifungua EULOGY FINAL hiyo hiyo. Kazi za wateja wao zote zilijifunga, hazikufunguka tena.

Leo nimestaafu, nikiwa na miaka kumi na minane. Wiki ijayo naanza chuo, Chepkoilel. Bado siwezi kuongea mbele ya darasa. Lakini kazi ya meza ile naijua, na sioni haya kusema hivyo. Baada ya Jumatatu ile Meneja aliniambia niandike amri, ibandikwe juu ya kompyuta: HAKUNA KUFUNGUA BILA KUMUULIZA MWENYEWE. Jana nikitoka niliona ameweka sahihi yake chini, na muhuri. Sawa tu. Mwandiko ni wangu.