Kucha Nyekundu Siku ya Idi

Juma lililopita binti yangu alifungua kichupa cha rangi ya kucha sebuleni kwangu, na kabla sijainua macho kwenye gazeti, pua yangu ilikuwa imekwisha kufika Mji wa Kale, Mombasa. Ni harufu kali yenye utamu kidogo, kama peremende iliyoangukia kwenye mafuta ya taa. Binti yangu aliniarifu kwamba siku hizi ipo rangi inayopitisha maji. Sikubishana naye. Shuleni alama zangu za kemia mwalimu alizisoma kwa sauti ya mtu anayetoa tanzia.

Nilikuwa na miaka kumi na mmoja, katikati ya miaka ya tisini, na tulikaa katika nyumba ya Bibi, mama yake baba. Urembo wa nyumba ile haukuwa na gharama. Bibi alikuwa na msio, jiwe la kusugulia liwa. Alidondosha marashi juu yake, akasugua kipande cha msandali mpaka ukatoka uji mwepesi wenye rangi ya chai ya maziwa, akatupaka usoni. Tulikatazwa kucheka mpaka ukauke, na hakuna kitu kinachochekesha kama kukatazwa kucheka. Wanja wake ulikaa katika kichupa kilichowahi kuwa cha dawa ya macho. Mafuta yalikuwa ya nazi, kwa nywele, kwa ngozi na kwa bawaba za dirisha. Vipodozi vya dukani Bibi aliviita rangi za milango.

Mwenye rangi za milango alikuwa shangazi Salma, dada mdogo wa baba. Alizinunua kwa mchuuzi wa Bondeni aliyezipanga kwenye sinia, akazihifadhi katika mkebe wa biskuti: poda, brashi iliyopoteza nusu ya nywele, tupa ya kucha, na kichupa kimoja cha rangi nyekundu. Siku chache katika kila mwezi kucha zake zilikuwa nyekundu. Kisha ghafla alizifuta kwa pamba na dawa inayotoa machozi. Nilidhani shangazi yangu ana furaha inayokuja kwa msimu.

Wasomaji mnaojua mmeshatabasamu. Kwa wengine nieleze: anayetaka kuswali hutia udhu, na maji lazima yaguse kucha. Hina haiyazuii, bali rangi ya dukani huyazuia. Kwa hiyo mwanamke anayeswali hupaka rangi zile siku anazopumzika kuswali, yaani akiwa katika hedhi, na mtaa mzima huisoma mikono yake bila kuuliza. Mimi chuoni, kwa mwalimu wa Kurani, nilikuwa nimefundishwa habari ya maji. Habari ya kusomwa sikufundishwa na mtu.

Siku moja kabla ya Idi tulipakwa hina, mimi na binamu zangu wawili. Hina inataka utulivu, na mimi utulivu sikuzaliwa nao. Wenzangu walikaa vidole wamevitanua kama kaa. Mimi nilinawa mapema ili niende kuchungulia jikoni, na kucha zangu zikatoka rangi ya karoti iliyochemshwa. Zao zilikoza mpaka zikakaribia weusi. Walinicheka hadi magharibi.

Asubuhi ya Idi, baada ya sala ya alfajiri, niliufungua mkebe wa shangazi nikafunika karoti zangu kwa nyekundu. Nilikuwa na mpango: nitembee nazo mpaka adhuhuri, nizifute, nitie udhu, niswali. Mpango wangu haukuwa na nafasi ya wageni.

Mgeni wa kwanza alikuwa Bi Rukia, jirani yetu, mwanamke mwenye moyo mzuri na macho mazuri kuliko moyo. Nilimwamkia shikamuu, akanishika mkono anitilie sarafu ya mkono wa Idi. Akaugeuza. Akavipitia vidole kimoja kimoja.

"Alhamdulillahi," akasema polepole, akimgeukia Bibi. "Bi Maryamu, mwana amekuwa, nanyi hamkutwambia?"

Nilifurahi. Nilidhani ameisifu rangi. Wanawake wengine wawili walioingia nyuma yake walinikumbatia, nikapewa kiti, nikamiminiwa kahawa, ambayo hata siku moja sikuwahi kupewa. Bibi peke yake hakuinuka. Alizitazama kucha zangu kama mtu anayesoma barua isiyo yake.

"Basi leo Makadara hapana," Bi Rukia akaendelea. "Msichana aliyevunja ungo hapandi bembea watu wakamwona miguu. Akae hapa na wakubwa wenziwe."

Kahawa ilinipalia. Kwa mtoto wa Mombasa, Idi ni uwanja wa Makadara: bembea, mihogo ya kukaanga yenye pilipili, gauni linalovimba kwa upepo. Mwaka mzima nilikuwa nimeingoja alasiri ile.

Shangazi Salma aliinama kama anayeokota kikombe. "Umekuwa," akaninong'oneza, "au umeniibia rangi?"

"Nimekuibia."

"Haya, simama useme."

Sikuweza. Nikisema bado sijakuwa, basi mimi ni msichana anayetakiwa kuswali niliyeziba kucha kwa rangi siku ya Idi yenyewe, tena rangi ya wizi. Nikinyamaza, bembea imekwenda, na miaka yote ijayo pamoja nayo. Nilichagua njia ya tatu, ambayo nimeendelea kuichagua maishani: nikalia.

Ndipo Mama akatoka jikoni na sinia ya kaimati. Hapa lazima niseme kitu juu yake. Mama alikuwa binti wa Rabai, alibatizwa akiwa mchanga, akasilimu alipoolewa na baba. Udhu alifundishwa na Bibi, akiwa mtu mzima, kama mtoto. Kwa miaka kumi na miwili hakuwahi kupitwa na sala wala kukosea jina la siku kuu, kwa kuwa alijua wapo wanaongojea akosee. Bibi hakuwa mkali kwake. Alimwita tu "mke wa Ali", na hakuwahi kumwita vinginevyo.

"Mama Fatma," Bi Rukia akamwambia, "mwanao amekuwa, nawe kimya?"

Mama alizitazama kucha zangu, kisha uso wangu. Akaiweka sinia chini.

"Hajakuwa," akasema. "Rangi nimempaka mimi."

"Nawe wajua kuwa aswali?"

"Nilisahau."

Bi Rukia alikoroga kahawa isiyo na sukari. "Ndiyo ya kujifunza ukubwani hayo," akasema. "Husahaulika."

Mama aliishika ncha ya leso yake akaikunja, akaikunjua.

"Nilimwambia mimi," Bibi akasema. Watu wote waligeuka. "Hina ya mtoto haikukoza, wenziwe wakamcheka. Nikamwambia mpake, tutaitoa kabla ya adhuhuri. Kama kuna aliyesahau, Rukia, ni mimi mwenye mvi. Kula kaimati, zisipoe." Kisha akamgeukia Mama. "Mwanangu, kalete pamba."

Mama alinifuta kidole kimoja kimoja, bila kunikemea. Machozi yalikuwa yakimtoka, nami nikamwambia, kwa huruma ya mjuzi, kwamba dawa ile ni kali. Akasema ni kweli, ni kali. Kisha akanituma nikatie udhu.

Alasiri nilikwenda Makadara na kucha zangu za karoti, na nilibembea mpaka mihogo ikanisaliti. Nikiwa juu niliyafikiria yaliyotokea, nikafikia uamuzi kwamba wote wawili wamezeeka na kumbukumbu zao zimechanganyika. Nilimshukuru Mungu kwa usahaulifu wa wakubwa. Akili hiyo ndiyo baadaye ilipelekwa chuo kikuu kwa gharama za watu.

Nilikuwa na watoto wangu mwenyewe nilipoelewa kwamba Mama, kwa ajili ya bembea yangu, alitoa kitu alichokikusanya kwa miaka kumi na miwili, na alikitoa mbele ya mtu ambaye asingekirudisha. Na Bibi, aliyeniona nikiswali alfajiri ubavuni pake, alijua vizuri nani mwizi. Angeweza kusema kweli na Mama akabaki na aibu ya kusema uongo. Badala yake aliingia pamoja naye ndani ya uongo ule, akakaa.

Ninachokikumbuka zaidi ni wakati nilipokuwa nikitoka kwenda Makadara. Wageni walikuwa wamekwenda. Nilipita mlango wa jikoni viatu mkononi, nikawasikia Mama na Bibi wakicheka, wawili peke yao, kicheko cha kushika mbavu ambacho sikuwahi kukisikia katika nyumba ile. Sikusimama kusikiliza. Nilichelea foleni ya bembea.