Bonaventura atafuta jiko la kubeba mlimani, na mtu wa kushika sufuria

Saa moja asubuhi, uani kwake Gungu, Bonaventura amechuchumaa mbele ya majiko mawili kama anayesuluhisha ndugu waliogombana.

La kulia ni la gesi, jepesi, linaingia kwenye mfuko wa koti. La kushoto ni la mafuta ya taa, lina kilo tatu na ushee, na linanuka. Jumatatu atabeba mojawapo mgongoni kwa siku tano, kwenye vilima vya kando ya Ziwa Tanganyika, akiwapikia watalii wanne na wapagazi sita.

"Watalii hawana shida, ukiwachemshia tambi wanashukuru," anasema. "Shughuli ni wapagazi. Bila ugali wa muhogo hawanyanyui mzigo!"

Na ugali wa muhogo, asikudanganye mtu, una kazi. Ukivuta mwiko, sufuria nayo inafuata. Lazima mtu aishike.

Kwa miaka kumi na minne, mshikaji alikuwa mkewe, Melania. Walipanda vilima pamoja, mume akisonga, mke akibana sufuria kwa vijiti viwili na kumtania kwamba anasonga kama anapiga kasia. Melania alifariki mwaka juzi kwa shinikizo la damu.

Mwezi Mei mzee huyu wa miaka 52 alikwenda bila yeye kwa mara ya kwanza. Akachukua jiko la gesi.

"Nilipima uzito tu," anasema. "Nikasahau kwamba sina mshikaji."

Jiko likapinduka, ugali wote mchangani. Wapagazi walilala na chai. Asubuhi wawili wakatua mizigo, wakarudi kwao Ilagala. Bosi wake alimwambia wazi kwamba likitokea tena, atatafuta mpishi mwingine.

Kwa nini hakumwita mpagazi amsaidie?

"Ningeita nani? Mdomo wangu umezoea jina moja."

Leo anajaribu la mafuta ya taa. Maji yanachemka, anamimina unga, anasonga. Jiko limetulia, miguu yake ni mipana. Lakini ugali unapokaza, sufuria inaanza kuzunguka.

"Mama Feliksi, shika hapo," anasema bila kuinua kichwa.

Hakuna anayeitika. Feliksi, mwanawe wa pekee, anaishi Mwanza. Uani kuna kuku tu, na mgeni aliyekuja kumhoji.

Bonaventura anajifuta uso kwa bega. "Umesikia mwenyewe. Kila siku ni hivyo. Upweke mbaya, jamani."

Ameamua: atabeba hili zito, mgongo utajua wenyewe. Na kuna mpagazi mmoja, Meshack, kijana mwenye mikono mikubwa, ambaye atakuwepo Jumatatu.

"Nafanya mazoezi," anasema, akitazama sufuria badala ya mgeni wake. "Meshack, shika hapo."

Anakohoa, halafu anarudia kwa sauti zaidi.

"Meshack, shika hapo."