Mama na Safari ya Makao Makuu

Nilipokuwa msichana wa kama miaka tisa, niliamini kabisa kwamba mguu wa kushoto ni mguu wa habari mbaya. Si mimi peke yangu niliyeamini hivyo. Kule kwetu Machochwe, mtu akijikwaa mguu wa kulia wakati anaanza safari, alijua huko aendako atakuta chakula kiko tayari. Akijikwaa wa kushoto, alirudi ndani, akakaa, akanywa hata maji tu, halafu akatoka upya kama mtu ambaye hakuwa ametoka. Bibi yangu, mama yake baba, aliyajua mambo hayo kuliko wote pale nyumbani. Hakuyasema kwa kutisha. Aliyasema kama mtu anavyokuonya kwamba chungu kina moto.

Safari ninayoikumbuka ilikuwa ya kwenda Kenya, kwenye sikukuu ya kila mwaka katika makao makuu ya kanisa letu. Lilikuwa kanisa dogo lililotufikia kutoka ng'ambo ya mpaka. Watu wake walivaa kanzu nyeupe na waliombea wagonjwa kwa kuimba. Wenzetu wa makanisa makubwa walitucheka kidogo. Mama ndiye aliyeingia kwanza, baba akamfuata, na sisi watoto, mimi na mdogo wangu Marwa, tukashonewa kanzu za amerikani. Bibi hakuingia. Alisema ameshazeeka na Mungu aliye naye, hataki kubadilisha.

Ili ieleweke kwa nini mama aliingia, lazima nirudi nyuma kidogo. Muda si mrefu kabla ya hapo tulikuwa tumehamishwa. Ilikuwa miaka ya vijiji vya ujamaa, na amri ilipofika tulitoka kwenye boma letu la zamani chini ya kilima, tukaja kukaa kwenye mstari pamoja na watu wengine, karibu na barabara na shule. Baba aliifurahia shule. Mimi nilifurahia bomba la maji tulilokuwa tunaahidiwa. Lakini kule nyuma, kando ya zizi, mama aliacha makaburi mawili madogo. Walikuwa watoto waliozaliwa kati yangu na Marwa, wakafa kabla hawajatembea. Siku ya kuhama, nyumba ilipobomolewa na vyombo vikapakiwa kwenye trela la trekta, mama alikwenda kusimama pale kando ya zizi mpaka baba akaenda kumshika mkono.

Tangu siku hiyo alipoteza usingizi. Alilima, alipika, alitucheka tulipokosea kuimba, kwa hiyo mtu wa nje asingejua. Ila kila alfajiri nilipoamka nilimkuta amekaa kitandani, macho wazi, mikono juu ya magoti, na shuka halijakunjuka. Kanisani walimwombea mara nyingi. Mwishowe wakamwambia kwamba kule makao makuu watu hupumzika. Waumini hawakusema makao makuu, walisema Nyumbani. "Mwaka huu tunakwenda Nyumbani," waliambiana, na mimi nilishangaa watu wazima kuita nyumbani mahali ambapo wengi wao hawakuwahi kufika.

Asubuhi ya kuondoka tulikuwa tumeshasimama uani, mizigo kichwani, wakati mama alipokumbuka kanga yake. Akarudi ndani kuichukua. Alipotoka, akajigonga kwenye jiwe la mlangoni, mguu wa kushoto. Ukucha wa kidole gumba ukatoka damu.

Bibi alikuwa anapepeta ulezi. Akaweka ungo chini.

"Rudini ndani," alisema. "Kaeni kidogo, mnywe uji, halafu mtoke tena."

Baba akatabasamu. Alikuwa mpole, na hata alipokataa jambo alikataa kwa sauti ya kuomba. "Mama, lori la Mugumu halitatungoja sisi tunywe uji."

"Litakuja lingine kesho."

"Tukiondoka kesho tutaikosa sikukuu."

 Bibi alimtazama mama, halafu akasema kwa sauti ile ile ya kawaida, "Mkitoka hivyo, mtarudi mmepungua."

Mama alipangusa kidole kwa jani. "Ni jiwe tu, mama," alimwambia. "Twendeni." Akatangulia mbele yetu sote.

Sikumbuki mengi ya njiani ambayo mtoto wa leo angeyakumbuka. Kulikuwa na lori lililojaa marobota ya pamba, na sisi juu yake. Tulilala Tarime kwa ndugu wa kanisa, tukavuka mpaka pale Sirari tukiwa kundi kubwa la waumini na vibali vyetu vya serikali ya kijiji. Siku zile kuvuka hakukuwa kazi. Upande wa pili nilitegemea kuona dunia nyingine, nikaona mahindi kama yetu na watu wanaosema Kikurya kama sisi. Ndipo mbele zaidi, tulipopita Migori, lugha ikabadilika.

Ninachokumbuka vizuri ni mkono wa Marwa. Maneno ya bibi yalikuwa yamenikaa, na kwa akili yangu kupungua maana yake ilikuwa moja tu: mmoja wetu atakufa. Kwetu waliokuwa wanakufa ni watoto wadogo. Kwa hiyo niliushika mkono wa Marwa kwenye lori, nikaushika kwenye basi, nikaushika tuliposhuka kujisaidia. Alilalamika kwamba namuumiza. Sikumwachia.

Makao makuu yalikuwa juu ya kilima, na ukisimama mlangoni pa kanisa uliona ziwa kwa mbali. Kulikuwa na majengo marefu ya udongo yaliyopakwa chokaa, visima viwili, na jiko lililokuwa halizimwi. Kiongozi wao alikuwa mzee mfupi ambaye waumini walimwita Baba Mkuu. Alitupokea yeye mwenyewe. Nikamwamkia shikamoo. Akaitikia, akaniwekea kiganja kichwani, akasema kwa Kiswahili cha kule, "Wageni wa Tanzania mumetoka mbali. Kwanza mukule, maombi baadaye." Sikuona kwake jambo lolote la kutisha, wala leo nikilifikiria silioni. Nalisema hili kwa sababu baadaye watu kijijini walisema mengi juu yake.

Siku ya pili Marwa akaanza kuchemka. Alitapika, akalegea, akawa anaita jina la bibi. Mimi nikajua ndiyo hiyo. Akina mama wa maombi, wanawake waliokuwa wanaishi pale daima, walimlaza kwenye mkeka katikati yao wakaimba kwa Kijaluo, taratibu, bila kupiga kelele. Mama alikaa nao. Sikulia. Nilikaa mlangoni nikatazama tumbo la Marwa likipanda na kushuka. Jua lilipoelekea ziwani akafumbua macho, akaomba uji.

Baba akanicheka pale mlangoni. "Umeona? Mguu wa bibi yako umeshindwa."

 Nilidhani deni la ule mguu limelipwa, na kwamba tangu hapo tuko huru. Mkono wa Marwa nikauachia, akaenda kucheza na watoto wa kule. Sikujua kwamba muda wote huo nilikuwa namlinda asiyehitaji kulindwa.

Jioni hiyo hiyo mama alilala. Alijiegemeza kwenye ule mkeka aliolazwa Marwa, katikati ya wale akina mama, akalala. Hakuamka kula. Asubuhi tukamkuta bado amelala, mdomo wazi kidogo, kanga imemvuka mabega. Sikuwahi kumwona hivyo tangu tulipohama. Baba alichuchumaa kando yake akamtazama, na uso wake ulikuwa wa furaha kabisa. Akatuambia tukacheze mbali, mama anapumzika. Alilala siku nzima. Alipoamka alioga, akala, akafagia pamoja na wenyeji, akalala tena.

Sikukuu ikaisha. Asubuhi ya kuondoka watu walikuwa wanapanda lori, na baba alikwenda kumwita mama kwenye nyumba ya akina mama wa maombi. Nilimfuata. Mama alitoka amevaa kanzu yao, ndefu, na kitambaa cheupe kichwani.

"Nitabaki kidogo," alimwambia baba.

"Kidogo ni kiasi gani?"

"Hapa ninalala, Mwita."

Baba akatazama chini. Naona alishindwa kumnyima mtu ambaye hakuomba kitu kingine ila usingizi. "Basi pumzika," alisema hatimaye. "Nitakuja kukuchukua baada ya mavuno."

Mama akainama, akamfunga Marwa kifungo cha shati. Mimi alinishika kidevu. "Umsaidie bibi yako," alisema. "Ulezi usiachwe nje ukanyeshewa." Hakusema zaidi. Lori lilipoondoka wale wanawake walitoka wote kutuaga, wakasimama mstari, wote weupe, wote na vitambaa kichwani. Kwa umbali ule sikuweza tena kujua mama ni yupi. Nikawapungia wote.

Tulipofika nyumbani bibi alikuwa uani. Alimtazama baba, akanitazama mimi, akamtazama Marwa. Baba akaanza kueleza, kwamba mama yuko salama, analala vizuri, atafuatwa baada ya mavuno. Bibi alisikiliza mpaka mwisho. Halafu akaenda kuwasha moto. Hakusema, "Niliwaambia." Afadhali angesema.

Baada ya mavuno baba alikwenda, akarudi peke yake. "Hajambo," alituambia, na hilo likawa neno lake lote. Alitaka kwenda tena, ndipo serikali zikafunga mpaka wa nchi zetu mbili. Najua kulikuwa na njia za porini, watu walivuka usiku na mchana kwenda kuona ndugu zao. Lakini mtu anayevuka porini awe anajua anafuata nini. Baadaye bibi alimtafutia baba mke mwingine, msichana wa Kenyamonta, ambaye sisi tulimwita mama mdogo. Alitulea vizuri. Kanzu zetu nyeupe zikakatwa kuwa vitambaa vya kuchujia.

Mara moja tu nilimuuliza bibi aliuona nini siku ile. Nilikuwa tayari msichana mkubwa, tunachambua mboga. Nilitaka anieleze habari za mguu.

"Mguu ni mguu," alisema. "Mama yako alikuwa na chumvi yake, na sufuria, na jembe lake jipya. Kanga alirudi ndani kuichukua, lakini jembe alikuwa ameshampa mke wa jirani, alipokwenda kisimani alfajiri ile. Mwanamke anayekwenda na kurudi hagawi jembe."

"Mbona hukumwambia baba?"

"Ningemwambia nini? Nilimwambia warudi wanywe uji."

Mpaka wa Kenya ulipofunguliwa tena, miaka kadhaa baadaye, mimi nilikuwa nimeolewa Morotonga na nina mtoto mgongoni. Nilikwenda. Majengo yalikuwa yameongezeka, jiko bado lilikuwa linawaka. Mama alikuja kunipokea akifuta mikono. Alikuwa amenenepa, uso wake umetulia. Nilimwamkia. Akaitikia, akanikalisha, akaniletea chai na viazi, akamchukua mtoto wangu akamwombea, akanirudishia mapema kuliko nilivyotegemea.

Aliuliza kuhusu Marwa, nikamwambia yuko shuleni. Aliuliza kuhusu bibi, nikamwambia amefariki. Akatikisa kichwa.  Halafu akauliza, bila kunitazama, "Na kule bomani kwetu kwa zamani?"

"Pamelimwa," nilisema. "Ni shamba la kijiji."

"Wamepanda nini?"

"Pamba."

"Pamba," alirudia. Aliendelea kunyoosha kanga ya mtoto kwenye paja langu, akiipangusa makunyanzi kwa kiganja. Nilikuwa nimetoka mbali nikiwa na maneno mengi, na yote yakanipotea. Sikuhisi hasira wala huzuni. Nilihisi kama mtu aliyekaa juu ya mguu wake muda mrefu, akaushika akaona si wake. Jioni alinisindikiza mpaka kwenye gari, akasema nisalimie nyumbani.

Habari za kifo chake zilifika miaka mingi baadaye, zikiletwa na muumini mmoja aliyekuja kuhani msiba. Walikuwa wameshamzika kule kilimani. Nilikuwa kwa baba siku hiyo. Baba aliingia ndani, akakaa. Aliyelia ni mama mdogo, ambaye hakuwahi kumwona mama hata siku moja. Alilia kwa sauti mpaka majirani wakaja, na mimi ndiye niliyekuwa namshika mabega na kumwambia anyamaze.

Sasa nami nina wajukuu, na wakijikwaa mlangoni nawaambia warudi wakae kidogo. Mkwe wangu, mwalimu, hunicheka. Siamini tena kwamba kidole kinajua mambo ya mbele. Naamini kwamba siku ile tulikuwa tumeshapungua kabla hatujatoka uani, na kwamba bibi ndiye peke yake aliyeliona jambo hilo, na hakuwa na njia ya adabu ya kulisema mbele ya mwanawe isipokuwa kupitia mguu wa mkwewe. Uji aliotaka tunywe ulikuwa wa kumchelewesha mama kidogo, lori lipite.

Watu huniuliza kama nilimsamehe mama. Sijui kama kulikuwa na la kusamehe. Machozi ya kumlilia sijayatoa mpaka leo, na nimeacha kuyangoja. Alikwenda kutafuta usingizi, akaupata, na haukuwa kwetu.