Kombo Ina Upande

Nakumbuka siku moja, zamani za Mdachi, hapa hapa Rumonge, bwana mmoja wa Kijerumani alipokuja kumwekea mjomba wangu chuma mlangoni. Mjomba alikuwa mfua vyuma, na mimi, ndevu ndio kwanza zinaota, nilikuwa namsaidia. Jana, mwanangu, ulinijia ukasema nyumbani kwako iko shida kidogo tu na mkeo. Nimechoka na hiyo "kidogo", ndiyo maana nimekuita. Kaa.

Chuma kile kilitoka tumboni mwa pikipiki ya yule bwana, ya kwanza sisi kuiona pwani hii ya ziwa. Iliangushwa ikiteremshwa chomboni, na tangu hapo ikawa inatetemeka kama mwenye homa. Kilikuwa magurudumu mawili madogo yaliyoshikana kwa pini, na mhimili huku na huku. Hicho ndicho kinachozungusha kila kitu. Bwana akasema alasiri anakwenda Nyanza, kule kusini mwa ziwa. Kisipokuwa tayari, mjomba atalazwa chini apigwe kiboko. Mgongo wake ulikuwa unakijua.

Mjomba akakilaza juu ya mbao mbili, akawa anakizungusha polepole kwa mkono. Mimi nikashika unyasi karibu na mhimili, nitazame mwanga unaopita kati ya hivyo viwili. Mwanga ukibaki vile vile, kimenyooka. Ukipungua, pana kombo.

"Iko sawa?" akauliza.

"Iko kombo kidogo." Nilimwonea huruma, sikutaka kumtia hofu.

Akaacha kuzungusha. "Kidogo upande gani?"

Sikuwa nimetazama hivyo.

"Mpwa wangu, macho yangu yamekwisha. Bwana hajui, na wewe usimwambie. Naona kwa macho yako. Nikigonga upande usio wake, pini inakatika, na mimi nimekwisha. Sasa wewe unanipa kidogo. Kidogo nitaigonga wapi?"

Maneno yale yaliniuma, mwanangu, hata leo yananiuma. Tukaanza upya. Mwanga ulipobanwa nikamwambia asimame, nikakishika kidole chake nikakiweka pale pale. Akagonga mara moja, kwa nyundo ya mti. Tukazungusha, na mwanga haukupungua tena.

Bwana akaja, akakichukua bila asante. Siku ile mjomba hakupigwa. Siku nyingine walimpiga, kwa mengine. Ndiyo dunia.

Leo macho yangu nayo yamekwisha, na nyinyi wote mnaniletea kidogo. Wahenga walisema mficha uchi hazai. Rudi kwa mkeo, zungumzeni taratibu mpaka mjue kombo iko upande gani. Ikiwa ni upande wako, shika kidole chake ukiweke hapo wewe mwenyewe. Kisha gongeni kwa mti, si kwa chuma. Haya, nenda. Mungu awape macho. Na siku yatakapokwisha, awape mtu wa kuwaambia upande.