Tundu Nililolifunika kwenye Paa la Karavani

Nilikuwa fundi wa makochi pale Gerezani kwa miaka tisa kabla sijaingia ndani ya karavani. Kazi yangu ilikuwa kushona viti vya magari na kurudishia sponji kwenye makochi yaliyobonyea. Karavani nilikuwa nimeiona kwenye picha tu: nyumba ndogo ya bati yenye magurudumu mawili, inavutwa nyuma ya gari, na Wazungu wameketi mbele yake wakiwa na kaptula.

Iliyoniangukia mimi ilikuwa ya mwenye duka la vitambaa, mtaa wa pili kutoka bandani kwetu, mama wa makamo wa familia ya Kiarabu iliyokaa Kariakoo tangu enzi za babu zao. Marehemu baba yake aliinunua kwa mgeni mmoja aliyekuwa anarudi kwao, akaitumia mara mbili tatu kuwapeleka watoto ufukweni, kisha ikaishia kwenye ghala karibu na bandari, ikihifadhi magunia. Sasa mama mwenye duka alikuwa na tatizo. Nyumba yao ya zamani ilikuwa imebomolewa, ikasimama ghorofa, na familia ikahamia juu kabisa. Mama yake, bibi mwenye magoti mabovu, alikuwa hashuki. Lifti ilikuwa inafanya kazi siku inayotaka yenyewe.

"Nikifa huko juu mtanishushaje?" bibi alikuwa akiwauliza, na hakuwa anatania.

Alitaka kushinda chini, nyuma ya duka, asikie watu wakibishana bei na wachukuzi wakipiga kelele za kuomba njia. Kujenga chumba uani hakukuwezekana, maana siku za kupokea mzigo lazima pawe wazi. Ndipo ikakumbukwa ile karavani: kitu chenye magurudumu, kikisumbua kinasogezwa. Ikaletwa Jumapili asubuhi, imevutwa na gari la kubeba magari mabovu, na tukaitwa kuitengeneza ndani.

Nasema tukaitwa kwa sababu hatukuwa mimi peke yangu. Nilikuwa nafanya kazi na mzee mmoja seremala. Mimi nilipofika Gerezani nilikuwa najua kushona sare za shule tu. Yeye ndiye aliyenipa kona ya banda lake, akanionyesha jinsi ya kuvuta kitambaa juu ya mbao kisifanye mikunjo, na wateja waliposema hawataki kochi lao lishikwe na mwanamke, aliwaambia wakatafute banda lingine. Baba yangu alifariki nikiwa mdogo. Sikuwahi kumwambia yule mzee kwamba nilimweka mahali pake, lakini nilimweka.

Karavani ilinuka panya na sponji iliyooza. Plaiwudi za ukutani zilikuwa zimevimba, milango ya makabati ilining'inia kwenye bawaba moja moja, na kulikuwa na jiko la mafuta lililoshikwa na kutu mpaka likagandana na meza. Tulitoa kila kitu. Mzee alisema nyumba ile haina hata sehemu moja iliyonyooka; kila ukuta umepinda kama upande wa chungu, kwa hiyo futi kamba haimsaidii. Alikata maboksi ya sabuni kwa mkasi, akayabandika ukutani mpaka yakakubali umbo, ndipo akakata mbao kwa kufuata boksi. Alitengeneza kitanda cha kulalia mchana, kifupi, bibi akikaa miguu ifike chini. Akaweka rafu ya juu kwa ajili ya msahafu, na kijimeza cha kahawa kinachokunjwa. Kwenye ncha zote alipitisha randa mpaka zikawa za mviringo. "Bibi akiyumba asiumie," alisema.

Juu ya paa kulikuwa na kidirisha cha kupitisha hewa. Mzee alipanda, akang'oa gundi ya zamani, akapaka silikoni pande zote nne. Ilipokauka alimwagia maji kopo kwa kopo, mimi nikiwa ndani nimeinua uso.

"Vipi?"

"Hata tone."

"Angalia vizuri."

"Hata tone, mzee."

Iliyobaki ilikuwa kazi yangu: magodoro, mapazia, na dari. Dari nilitaka kuivalisha kitambaa cha rangi ya maziwa, kivutwe kama ngoma. Siku ya Ijumaa mzee alienda msikitini mchana, nikabaki peke yangu. Mama mwenye duka alikuwa amesema ataleta jamaa zake waliotoka Unguja waje kuangalia, na mimi nilitaka wakute dari imeisha. Fremu ya ndani ya kile kidirisha ilikuwa inanizuia. Kitambaa hakikupita chini yake. Nikachukua bisibisi nikalegeza skrubu nne. Sikujua kwamba fremu ya ndani ndiyo iliyokuwa imeshikilia ya nje. Nilisikia kitu kikiachia, mlio mdogo kama wa mtu anayebandua plasta. Nilipoinua macho niliona mwanga, mstari mwembamba kama uzi, upande mmoja.

Nilikaza skrubu tena. Uzi ule ulibaki.

Nikavuta kitambaa juu yake, nikapiga pini. Wageni walikuja, wakaishangaa dari, mmoja akaishika kwa vidole akasema hajaona kazi safi namna ile. Nilikuwa nacheka.

Ningependa kuandika kwamba nilisahau. Sikusahau. Jumamosi nilikumbuka, Jumatatu nilikumbuka nikiwa nashona foronya. Lakini kupanda juu na silikoni kungemaanisha kumwambia mzee kwamba nimeharibu alichokwisha kufunga, na kuibandua dari mbele ya mama aliyekwisha kuisifia. Nikajiambia mvua bado. Wiki ikapita, bibi akahamia na birika lake na mswala wake, akawa anashinda mle kutwa, amefungua mlango anaangalia watu.

Masika ilianza saa tano asubuhi, kweupe. Ilinyesha ile mvua ambayo watu huanza kupigiana simu kuulizana kama Jangwani panapitika. Maji yaliingia kwenye ule uzi, yakakusanyika juu ya kitambaa changu kilichovutwa vizuri, kikafanya tumbo. Bibi alikuwa amejilaza chini yake. Kitambaa kilipoachia, maji yote yalimwagika kitandani. Aliruka kwa kushtuka, akateleza kwenye kapeti la plastiki nililolitandaza mimi mwenyewe, akaangukia mkono. Mfupa wa kifundo cha mkono ulivunjika.

Asubuhi ya pili mama mwenye duka alituita uani. Wachukuzi walikuwa wanashusha majora ya vitambaa, na wote wakapunguza mwendo ili wasikie.

"Nani aligusa hiki kidirisha?" akauliza. "Si mliniambia kimemwagiwa maji?"

Mzee alipanda ndani, akasogeza kitambaa kilichochanika, akapapasa fremu. Mimi nilisimama mlangoni. Nilimwona akiziangalia zile skrubu. Vichwa vyake vilikuwa vimekwanguliwa, kwa sababu nilitumia bisibisi isiyo saizi yake, na mzee hajawahi kukwangua kichwa cha skrubu maishani mwake. Akageuka akaniangalia. Hakuniangalia kwa muda mrefu.

Kisha akatoka nje.

"Ni mimi, mama," akasema. "Nilipitiwa."

"Ulipitiwa?"

"Nisamehe."

"Mzee, kama macho yamechoka, sema! Kaa nyumbani upumzike. Mama yangu angekufa humu!"

"Kweli. Nisamehe sana."

Mimi niliinama nikawa naokota pini sakafuni. Hapakuwa na pini yoyote. Niliokota hewa mpaka nikasikia mfuko wake wa vifaa ukigonga lango, na nilipoinuka alikuwa ameshatoka.

Kazi niliimalizia mimi. Nilimleta fundi mwingine akaziba paa, nikavalisha dari upya, na kila mtu akanisifu kwa kubaki na kurekebisha makosa ya mzee. Mama mwenye duka alinitangaza kwa wenzake. Nilipata viti vya mgahawa mmoja, kisha makochi ya saluni. Na habari za yule seremala ambaye macho yamechoka zikatembea Kariakoo kama zinavyotembea habari zote. Wateja wakaja bandani wakiniulizia mimi tu. Mzee alikaa akinoa patasi zisizokuwa na kazi, na hakuniuliza kitu. Baada ya miezi miwili akasema magoti yanamsumbua, banda anipishe. Nilikuwa nimepewa kona. Sasa banda zima likawa langu. Nilitundika kibao.

Siku moja bibi aliniita nije ninywe kahawa. Mkono wake ulikuwa umeunga vibaya, kifundo kimebaki na nundu, kikombe alikishika kwa mkono wa kushoto. Alinipa kashata, akaniuliza hali ya kazi, kisha akasema kwa sauti ya kawaida kabisa, kama mtu anayesimulia bei ya vitunguu:

"Yule seremala mwenzako, kila nikimaliza kuswali namshtaki kwa Mungu. Namwambia, mkono wake na wenyewe usimfae."

Nilikunywa kahawa yangu yote. Nikaaga. Hata pale sikusema, na hilo ndilo ninaloliona baya kuliko tundu lenyewe. Lakini miguu haikunipeleka bandani. Ilinipeleka Magomeni, kwa mzee.

Nilimkuta uani anagongomea ubao wa mbuzi ya kukunia nazi ya jirani.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba."

"Nimekuja kuhusu kidirisha."

"Kidirisha gani?"

Alikijua. Alitaka nikitaje.

"Cha karavani. Skrubu nililegeza mimi. Niliona tundu, nikalifunika."

"Najua."

"Sasa kwa nini ulisema ni wewe?"

Aliweka nyundo chini. "Ulikuwa umeogopa, binti. Na yule mama alikuwa na hasira. Nikasema ngoja nimpokee huyu binti mzigo wake leo, kesho hasira zikipoa ataenda mwenyewe aseme. Nilikupa siku moja. Siku moja tu." Akapangusa vumbi kwenye ubao. "Mke wangu aliniuliza mbona nimeacha banda, nikamwambia kuna mtu namsubiri."

Nilipiga magoti, nikaanza kumwomba msamaha. Alinikatiza, na kwa mara ya kwanza tangu nimfahamu alipandisha sauti.

"Usianzie kwangu! Mimi ukweli ninao. Nenda kwa wasiokuwa nao."

Nilirudi Kariakoo siku hiyohiyo. Dukani kulikuwa na wateja watatu, na mama mwenye duka alikuwa anapima kitambaa. Nilitaka kumvuta pembeni. Kisha nikakumbuka kwamba mzee hakuvutwa pembeni, nikasema palepale, mbele ya wateja. Alimaliza kupima. Akakunja kitambaa polepole, mara moja, mara mbili.

"Ulikuwepo pale uani," akasema. "Ulikuwa umesimama, unasikia ninavyomwambia."

"Ndiyo, mama."

"Nikamwambia macho yamechoka."

"Ndiyo."

Hakunitukana. Nilikuwa nimejiandaa kutukanwa, na ningeshukuru. Alinipita, akafungua mlango wa uani, akanionyesha karavani kwa kidole. Bibi alikuwa amekaa mlangoni, na nilirudia yote kwake nikiwa nimesimama chini, uso wangu sawa na magoti yake.

"Kwa hiyo yule mzee nimemwapiza bure?" akauliza.

"Ndiyo, bibi."

"Miezi yote hii?"

"Ndiyo."

Akamgeukia binti yake. "Nipe baibui langu."

Tulienda kwa bajaji, watatu tumebanana, kwa sababu bibi alisema mimi ndiye ninayeijua njia. Tulipofika mzee alishangaa, akakimbilia kutoa kiti, lakini bibi hakukaa.

"Seremala," akasema, "nimekuombea mabaya kwa Mungu na ulikuwa huna kosa. Nimekuja uniwie radhi."

"Nimekusamehe, bibi. Ulikuwa umeumia."

Mama mwenye duka naye aliomba radhi, macho yakiwa chini. Mzee akamjibu vilevile, kwa upole. Kisha bibi akaninyooshea ule mkono wenye nundu.

"Na huyu?"

Mzee aliniangalia. Nilikuwa nimesimama karibu na lango.

"Huyu mwacheni kwanza," akasema.

Wiki ile ile aliitwa aje akague paa. Alikuja na mfuko wake, akabandua alichoweka yule fundi mwingine, akaziba upya kwa mkono wake. Mimi nilisimama uani bila kazi, nikisubiri aniambie niingie ndani niangalie. Alimwomba bibi. Alimwaga maji kopo kwa kopo, na bibi akawa anajibu kutoka ndani, "Hakuna kitu! Mwaga tena!"

Wateja wengine waliniacha habari ilipotembea, na walikuwa na haki. Waliobaki wananijua nilivyo. Ufunguo wa banda nilimpelekea mzee, akanirudishia kupitia kwa mke wake bila ujumbe. Anafanya kazi nyumbani, na mama mwenye duka ndiye anayempelekea watu. Huwa naenda Magomeni mara moja kwa wiki. Mkewe ananiletea chai, yeye ananisimulia habari za mpira na za majirani, kazi hatuigusii. Mwezi uliopita nilipata kazi ya kutengeneza ndani ya basi dogo, viti na makabati, nikamwambia siiwezi bila seremala. Alinywa chai yake. Akasema atafikiri.

Bado anafikiri, na mimi sijaanza kazi ile.